Pongezi kutoka Jericho

Kwa Bodi ya Famasia na Sumu,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: KUAJIRIWA KWA MUUZA DAWA YA PANYA

Kipaza sauti kimeshapita hapa mtaani Jericho, Eastlands, asubuhi hii: dawa ya panya, ya mende, ya kunguni, bei ya chai na mandazi. Hakuna huduma inayotufikia mlangoni kwa uaminifu hivi, hata maji ya mfereji. Naomba huyu bwana mumwajiri.

Pakiti zake nyingi hazina jina wala onyo. Mtoto akilamba dawa hiyo, majirani watamnywesha maziwa au watamtia kidole kooni atapike. Ndivyo tulivyorithi, ingawa wauguzi hutukataza. Kisha bodaboda hadi hospitali, na daktari anauliza: amekula nini? Haulizi kwa umbea. Ikiwa ni sumu inayozuia damu kuganda, kuna vitamini K, na dalili huenda zikachelewa siku kadhaa. Ikiwa ni oganofosfati, mtoto anatokwa na mate na jasho, mboni zinasinyaa, naye anahitaji atropini upesi. Ikiwa ni fosfidi ya alumini, hakuna kiuasumu popote duniani. Mama anabaki kutaja rangi: “Ilikuwa ya waridi, daktari.”

Sheria yenu, Sura ya 244, ni ya tangu 1957, nayo inadai sumu iwe na lebo. Najua mtajibu kwamba sumu za wadudu na panya ni za bodi nyingine. Sawa. Tutawaagiza watoto walambe kwa mujibu wa sheria husika.

Msidhani tumekosa kila kitu. Pombe yenye methanoli iliua watu hapo jirani, Shauri Moyo, mwaka 2010, wengine ikawapofusha. Kiuasumu chake, fomepizoli, kikikosekana, madaktari huweza kutibu methanoli kwa pombe ya kawaida. Hicho ndicho kiuasumu pekee ambacho Eastlands haijawahi kuishiwa.

Basi mpeni muuzaji koti jeupe. Kipaza sauti anacho. Jioni apite tena akitangaza alichouza asubuhi, daktari wa zamu anukuu. Kama naye hajui kilichomo, mtakuwa mmepata mfanyakazi anayefanana nanyi.

Mkiona gharama ni kubwa, tutaridhika na jina la sumu juu ya pakiti, kwa wino usiofutika na maji.

Wenu mtiifu,
Mpangaji, Jericho.

Nakala: Bodi ile nyingine, muuzaji husika (atapita kesho saa moja).