Lenzi Nyeupe Ukumbini

Mpiga picha wa harusi kaja na lenzi ya milimita 70-200, nyeupe, kilo moja na nusu hivi. Imetengenezwa imnase bibi harusi kutoka mwisho wa ukumbi bila kubughudhi mtu. Bwana mkubwa kasimama nayo kati ya keki na wazazi, anarudi kinyumenyume, kisigino juu ya shela. Pete akaisogelea mno, ikatoka ukungu mtupu. Ile fupi ya milimita 50, f/1.8, ya bei nafuu na inayoona vizuri kwenye taa hafifu, kaiacha nyumbani. Kamati itamlipaje milioni mtu mwenye kilenzi cha kuenea kiganjani? Picha zilizopendeza, hata hivyo, kazipiga shangazi kwa simu.