Maji ya Lori na Mkwe wa Mbale

Nyumbani kwetu Budondo, oili ya lori ilikuwa na mwenyewe, matairi yalikuwa na mwenyewe, hata kamba za kufungia mzigo zilikuwa na msumari wake ukutani. Maji ya rejeta hayakuwa na mwenyewe, kwa hiyo kila mtu aliyatia. Baba alitia ya kisima cha pampu, maana ndiyo tunayokunywa na hayajamwumiza mtu. Kaka mkubwa, ambaye ndiye dereva, alichota ya Mto Nile kila alipopita karibu na ukingo. Mama alitia ya mvua yaliyotiririka juu ya mabati yenye kutu. Binamu anayefanya kazi Jinja mjini alileta chupa ya kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, ya rangi ya kijani. Shemeji naye, alipokuja Krismasi kutoka Kampala, hakuja mikono mitupu: alileta galoni ya kulanti nyekundu, na Baba akaona ni heshima kuimimina siku hiyo hiyo mbele ya mgeni.

Lori lenyewe ni Canter ya zamani ya tani 4. Hubeba miwa yetu na ya majirani kwenda Kakira, kwenye kiwanda alichoanzisha Muljibhai Madhvani mwaka 1930, na msimu wa miwa ukiisha hubeba matofali na mahindi. Karo ya watoto wa nyumba yetu hutoka humo. Ndiyo sababu naliandika jambo hili kwa moyo wote: nimeona jinsi watu wanavyoangalia tairi kila asubuhi, kisha wanaifungia macho sehemu inayoweza kuua injini nzima kwa mchana mmoja.

Lilikuwepo na la thamostati, kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kulingana na joto. Fundi mmoja wa pale senta aliitoa lori lilipoanza kupata joto, akasema nchi hii haina baridi, kidude hicho kinazuia maji bure. Baba alikipokea, akakifuta, akakiweka kwenye kabati la vikombe pamoja na glasi za wageni. Kikakaa humo, na sisi tukakizoea.

Basi siku ikafika ya kwenda Mbale kupeleka posa ya kaka wa pili, aliyempata binti wa Kigisu walipokuwa chuoni. Shangazi ndiye aliyeongoza safari, kama desturi inavyomtaka. Nyuma ya lori tulipakia kreti za soda, magunia ya sukari na mchele, viti vya kuazima, na mbuzi dume mweupe aliyefungwa kwenye mhimili wa bodi. Tulipita Kakira na Iganga, tukakata kushoto Nakalama kuifuata barabara ya Tirinyi. Jua lilikuwa limepanda, na mzigo ulikuwa mkubwa kuliko alivyokuwa akisema kaka.

Tulipoipita Namutumba na kuanza kuteremkia bonde la Mpologoma, lenye mafunjo na mashamba ya mpunga pande zote mbili, sindano ya joto ilikuwa juu. Kaka alikigonga kioo kwa kidole akasema geji hii mwongo. Haikuwa mwongo. Mvuke ulitoka chini ya kabini, akasimamisha pembeni, na kijana wetu tanboi akaruka chini na kitambaa mkononi kwenda kufungua mfuniko.

"Mwanangu, ondoa mkono!" Shangazi alipaza sauti hadi mbuzi akastuka. Alikuwa amewahi kumwona jirani aliyeunguzwa uso kwa kufungua rejeta ya moto, akakaa chini ya mwembe wa watu mpaka bati la rejeta likashikika kwa kiganja, na hakuna aliyethubutu kusogea kabla yake. Alikuwa na haki kabisa. Mfuniko wa rejeta umetengenezwa ushikilie shinikizo. Jinja na Mbale ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima wa shinikizo la kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba huyasukuma hadi kama 115 kabla hayajachemka. Ukiufungua ghafla, shinikizo linaondoka mara moja, na mvuke na maji ya moto vinakurukia usoni.

Lilipopoa tukakuta rejeta karibu tupu. Tanboi akapendekeza soda. Mama akamtazama. Zile kreti zilikuwa zimehesabiwa, na asingefika kwa watu na posa yenye chupa tupu. Tukatoa maji yetu ya kunywa, tukayatia kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka, maana maji baridi yakiingia kwa wingi kwenye chuma cha moto huweza kupasua silinda hedi. Tukatambaa hadi Mbale, tukisimama na kuongeza, watoto wakilia kiu.

Tulifika jua likielekea kuzama, mlima Wanale ukimulikwa na miale ya mwisho. Wenyeji walikuwa wamevaa, wamengoja, wamechoka. Faini ya kuchelewa tulitozwa na tukailipa bila kubishana. Lakini baba wa binti hakuridhika na faini. Mzee yule aliendesha malori ya kahawa miaka mingi, akiteremsha magunia ya Arabika kutoka Budadiri na Bududa hadi maghala ya ushirika wa Bugisu pale mjini. Kabla hata ya kutukaribisha kuketi alizunguka lori letu, akanusa, akaomba kabini iinuliwe. Rejeta ilipopoa, alitia kidole kwenye shingo yake kikatoka na utelezi wa rangi ya udongo, mzito kama uji wa ulezi.

"Mkwe wangu," alimwambia Baba kwa Kiswahili chake cha barabarani, "nani alitia nini humu?"

Hapo ndipo familia yetu nzima ilipojieleza mbele ya ukoo wa watu. Baba akataja kisima. Kaka akataja mto. Mama akataja mvua. Ya binamu na ya shemeji Shangazi aliyataja kwa niaba yao. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza la thamostati, akaambiwa la kabati. Kisha akatamka hukumu ambayo sikuwahi kuisikia kwenye posa yoyote: mahari ameipokea, ila binti yake hatapanda lori hili hata siku moja mpaka lisafishwe na litiwe kulanti ya aina moja, naye ataona kwa macho.

Baba alijitetea. Kulanti, alisema, ni ya nchi za barafu, na Busoga barafu iko kwenye friji tu. Jibu la mzee ndilo lililonibadilisha mimi, na nalieleza kama alivyolieleza. Barafu si shida yetu, kweli. Maji matupu hata yanachukua joto vizuri kuliko kulanti. Lakini ndani ya injini mna chuma cha bloku, alumini ya pampu, shaba ya rejeta na risasi iliyoilehemu. Metali hizo zikikaa pamoja ndani ya maji matupu hulana, na kutu inayotoka huko ndiyo inayoziba vitundu vya rejeta. Maji ya kisima huongeza chumvi zake, ambazo huganda ukutani kwenye sehemu za moto zaidi, na joto linashindwa kupita. Kulanti ina dawa za kuzuia yote hayo, na glaikoli yake inapandisha zaidi kiwango cha kuchemka. Kwenye malori makubwa yenye sileve zilizozungukwa na maji kuna balaa jingine: sileve hutetemeka kila dizeli inapolipuka, viputo vidogo vinapasuka juu yake mfululizo, na pasipo dawa inayofaa vinaitoboa.

Kuhusu rangi alikuwa mkali. Kijani na nyekundu ni rangi tu, kila kiwanda kinapaka kinavyotaka. Kinachotenganisha kulanti ni aina ya dawa iliyomo, na dawa za aina mbili zikikutana zinaweza kuharibiana, wakati mwingine kuganda kuwa utelezi ule ule tuliouona. Soma karatasi ya chupa, linganisha na kitabu cha lori, shikamana na hiyo. Kitindamimba wetu akauliza kwa nini basi usitie kulanti tupu bila maji. Mzee alilifurahia swali lile. Tupu haibebi joto vizuri, alisema, nusu kwa nusu inatosha, na hiyo nusu ya maji iwe maji ya betri, yaliyochujwa chumvi zote.

Asubuhi wanaume walifungua nati ya chini na kumwaga ule uchafu kwenye beseni. Hapo nusura tupoteze mbuzi. Alikuwa amelegezewa kamba ale majani, akanusa beseni, akainamisha kichwa. Shangazi alimkamata pembe zote mbili, akamburuta nyuma akiwa amevaa gomesi yake ya sherehe, mkanda ukiburuzika. Glaikoli ni tamu. Mbuzi, mbwa, hata mtoto huipenda, na kiasi kidogo chaua figo. Mzee alichimba shimo mbali na kisima na mto, akalifukia mwenyewe, na alituonya tusiweke kamwe kulanti ndani ya chupa ya soda. Nilikumbuka rafu yetu ya jikoni, na mafuta ya taa yaliyokaa ndani ya chupa ya sharubati, nikatetemeka.

Tulirudi Budondo kwa maji matupu na mwendo wa pole. Ilikuwa bahati kwamba oili kwenye kijiti haikuwa na weupe wa maziwa, na rejeta haikutoa mapovu injini ikizunguka, maana dalili hizo mbili zingeweza kumaanisha gasketi ya hedi imekufa. Fundi wa rejeta mjini aliipasua, akachokonoa vitundu kimoja kimoja kwa sindano ndefu, akailehemu upya. Mfuniko mpya ulinunuliwa. Thamostati ilitoka kwenye kabati ikaingia kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, na nyumba nzima ikaizunguka kuitazama. Maji yalipokaribia kuchemka ilifunguka polepole, ilipopoa ikajifunga. Nzima kabisa. Bila hiyo, kwenye injini nyingi sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na asubuhi injini hukaa baridi mno, dizeli ikiungua vibaya na oili ikichafuka. Mama alilipa vyote kutoka kwenye pesa za miwa, akakata hela za pazia jipya la sebuleni, na hakulalamika.

Mzee alikuja mwenyewe kutoka Mbale kukagua. Aligusa mipira ya rejeta, akasoma chupa, akapima, akakubali. Binti akaletwa Budondo akiwa amekaa kiti cha mbele, kati ya kaka na Shangazi.

Ni yeye anayeshika daftari sasa: tarehe, kilomita, aina ya kulanti, kiasi kilichoongezwa. Aina tuliyochagua hubadilishwa kila baada ya miaka 2, naye ameshaandika siku yake ukurasa wa mbele. Msimu huu wa miwa alikataza lori lisiondoke kwenda Kakira kwa sababu kulanti kwenye kopo la akiba ilikuwa imeshuka chini ya alama na hapakuwa na tone uani. Kaka alinung'unika, Baba akamwambia anyamaze. Walipoinua kabini walikuta pampu ya maji inavuja kwenye kitundu chake cha chini, kiasi cha kukaushwa na joto kabla ya kudondoka. Pampu ilibadilishwa jioni ile, na miwa ikapelekwa kesho yake.