Bibi Kalenga na Filamu ya Aisha

Wewe mwenzangu mwenye sebule moja inayobeba ukoo mzima utanielewa bila maelezo mengi. Hapa kwetu Isanga, Mbeya, filamu haitazamwi, inahukumiwa. Kila mtu ana kiti chake, hukumu yake na sauti yake. Baba mwenye nyumba hukaa kwenye ndoo iliyofunikwa, karibu na mlango, kwa kuwa ndiye anayetumwa dukani, ndiye anayefungua geti, na ndiye anayeulizwa chai imefikia wapi. Nimeshazoea, na bila shaka nawe umezoea.

Nikutajie kikosi kwanza. Mke wangu ni Mama Ratiba, maana nyumba hii ina saa ya kila kitu, hata saa ya kununa. Binti yetu mkubwa, Dokta, yuko kidato cha nne na hakuna swali linalopita mbele yake likabaki bila jibu. Kitinda mimba ni Mwenyekiti, mtoto wa miaka sita anayemiliki rimoti. Baba mdogo Kipyenga alichezesha mechi za shule na za vijiji, Tukuyu na Kyela, miaka mingi, akastaafu filimbi lakini uamuzi hakustaafu. Ukipishana kauli na mkeo, anakuja kuuliza nani alianza. Jirani yetu Mama Redio hupiga hodi akiwa ameshaingia, na habari anaanza kuisimulia tangu uani. Tunamwita hivyo kwa maneno yake mengi, na pia kwa redio yake ya betri ambayo hukesha ikiimba mpaka alfajiri, jambo ambalo Kipyenga amelilalamikia kwa balozi wa nyumba kumi bila mafanikio.

Juu ya wote yuko mama mkwe wangu, Bibi Kalenga, ambaye kila kipupwe hutoka Iringa kuja kuona wajukuu. Ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu ya kwenda Zambia: Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa, halafu Uyole. Bibi humaliza safari hiyo akiwa na gunia la viazi. Viazi, msomaji! Anavileta Mbeya, mkoa ambao viazi vya Isongole hujaza malori ya kwenda Dar es Salaam. Ukimweleza, anajibu kwamba hivyo ni vya Isongole na hivi ni vya kwake, na gunia linaishia chumbani kwetu, chini ya kitanda. Safari hii aliongeza jogoo. Jogoo akapangiwa bafuni, akawa anawika saa nane za usiku, na Kipyenga akatamka kwamba ndege huyo haheshimu muda. Mimi Mnyakyusa humwamkia Bibi "Kamwene", yeye Mhehe hunijibu "Ndaga", na heshima inakuwa imetimia pande zote.

Sasa filamu. Ililetwa na mtoto wa dada yake Mama Ratiba, anayesoma chuo cha Mkwawa kule Iringa, ikiwa ndani ya flashi iliyofungwa kwenye leso. Inaitwa Aisha, ya mwaka 2015, imeongozwa na Chande Omar na kutengenezwa na Uzikwasa, asasi ya Pangani, mkoani Tanga. Godliver Gordian ndiye Aisha: mke, mama na mfanyabiashara wa mjini anayerudi kijijini kwao kwa ajili ya harusi, na huko kundi la wanaume linambaka. Wengi wangeishia hapo, wakafunga na polisi na pingu. Hii inabaki naye siku zinazofuata, anapodai haki yake katikati ya watu wanaotamani anyamaze ili sherehe, undugu na heshima ya kijiji visiguswe.

Mama Ratiba ndiye aliyeamua tuitazame wote. Alisema haiwezekani tukatazama ndondi pamoja halafu jambo hili tulitazame kwa mafungu. Nilimkumbusha kwa upole kwamba mama yake mzazi atakuwepo, na kwetu Unyakyusa wa zamani mkwe na mkwe walikuwa na miiko mizito. Mwali alikuwa hata njiani anampisha baba mkwe wake asionane naye uso kwa uso. Akanijibu kwamba Unyakyusa wa zamani haukuwa na sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili. Nikarudi kwenye ndoo yangu.

Ilikuwa Juni, na Juni ya Mbeya haihitaji kusimuliwa. Watu walikuwa wamejifunika kila kilichofumwa. Bibi alipewa lile blanketi zito la mistari tulilozawadiwa siku ya harusi yetu, ambalo Mama Ratiba hulitoa kabatini kwa wageni wa hadhi yake tu. Mwenyekiti akapelekwa kulala mapema, akaenda bila ubishi wowote, na hapo ndipo mzazi mwenye uzoefu angeshtuka: alikuwa ameondoka na rimoti. Akajifungia, akalala. Kwa hiyo mambo yalipoanza kuwa mazito, hakuna aliyeweza kupunguza sauti wala kusimamisha picha. Nikainuka kwenda kuangalia chai. Nikamkuta Kipyenga naye yuko jikoni, anaangalia sufuria ileile. Kule sebuleni wanawake walikuwa hawasemi neno.

Tuliporudi, umeme ukakatika.

Basi hukumu zikatolewa gizani. Shemeji Mbao, mdogo wake Mama Ratiba, anayefanya kazi ya mbao Mafinga karibu na msitu wa Sao Hill, alikuwa ameunganishwa kwa simu tangu mwanzo, asikie kwa sauti asichokiona kwa macho. Yeye alitaka panga. Alisema kwa sauti iliyojaa simu nzima kwamba filamu isiyo na kisasi ni hasara, huyo dada angewafuata mmoja mmoja. Mama Ratiba alikuwa na hasira na ndugu wa Aisha, wale wa kuyamaliza kifamilia. Amekulia katika ukoo mkubwa, amekaa vikao vya namna hiyo, anajua jinsi jambo zito linavyopewa soda na viti vya plastiki mpaka likapungua uzito.

Kipyenga akakohoa. "Mimi nauliza tu. Huyu mama alikuwa anatoka wapi saa hizo?"

Dokta akamrukia kwa heshima zote. "Babu, shikamoo tena. Sheria haiulizi saa." Akamweleza kwamba Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliirekebisha Kanuni ya Adhabu: mtu mzima anayebaka hufungwa miaka isiyopungua 30, na wakibaka kwa kundi, kila mmoja wao ni kifungo cha maisha. Kipyenga akasema yeye hapingi kadi nyekundu, anataka kujua mchezo ulianzaje. Sauti zikapanda. Jogoo bafuni naye akaanza.

Ndipo Bibi akauliza, taratibu, kutoka ndani ya blanketi:

"Na usiku huo, nani anakesha naye?"

Kipyenga akamwambia, "Mama, hiyo ni filamu."

"Najua ni filamu. Nauliza nani anakesha naye."

Nimelitafakari swali hilo tangu siku ile, na sijapata lililo bora kulizidi. Fikiria, msomaji. Mtu akifiwa, awe Kalenga, Tukuyu au hapa Isanga, hatuulizi kwanza marehemu alikuwa anatoka wapi. Tunakwenda. Tunatandika mikeka, wanawake wanalala msibani, mfiwa haachwi peke yake na usiku. Mwanamke aliyefanyiwa unyama kama ule naye ana msiba, wa mwili wake mwenyewe, na kwake tunakwenda na maswali bila mkeka.

Bibi anatoka Kalenga, mahali panapojua kukaa na jeraha. Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 ili asishikwe na Wajerumani, wakakata kichwa chake wakakichukua. Fuvu hilo likaandikwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini likarudi Uhehe mwaka 1954 tu, na leo limo katika jumba la makumbusho palepale Kalenga. Miaka 56 watu walingoja na hakuna aliyewaambia wasahau, maana msiba wa chifu una walinzi wake, na watoto wa shule hupelekwa kuusoma. Kule gizani Bibi alitusimulia habari hiyo kwa mara ya mia, kama afanyavyo kila akija, ila safari hii aliongeza kwamba katika kijiji hichohicho yapo mambo ya wanawake yaliyotokea zamani ambayo hakuna aliyewahi kuyawekea hata kigoda. Hakutaja la nani. Shemeji Mbao kwenye simu akanyamaza. Hilo la Shemeji kunyamaza, kwa wanaomjua, ni habari ya kutangazwa.

Umeme uliporudi, tulimtazama Mama Redio kwa pamoja, kwa sababu ndiyo kwanza tuligundua kwamba yeye, katika mjadala wote ule, hakuwa amefungua mdomo. Alisema ameacha maharage jikoni. Mkaa wake wote alikuwa ametuazima sisi jioni ile. Akaaga, akatoka. Bibi Kalenga naye akainuka, akachukua chupa yetu ya chai iliyojaa, akajizungushia blanketi la harusi, akamfuata. Hakurudi kulala. Kesho yake pia akalala kwa Mama Redio, na keshokutwa, na mpaka naandika haya yuko huko. Mchana anakuja kula, anakagua viazi vyake chini ya kitanda chetu, anamsalimu jogoo, magharibi anaondoka.

Mama Ratiba amelidai blanketi kwa njia zote zinazojulikana kidiplomasia. Alimtuma Mwenyekiti, akarudi na chungwa. Alimtuma Dokta, akarudi na ujumbe kwamba Bibi anasema kwa Mama Redio kuna baridi kuliko kwetu. Nyumba hizo mbili zinapakana ukuta! Nami nimetumwa. Nimerudi na chupa ya chai, tupu, ili ijazwe.

Walichozungumza huko hatujui, na hatuulizi. Kitu kimoja tunakijua kwa sababu ukuta ni mmoja: redio haikeshi tena. Usiku ni kimya, jogoo peke yake.

Dokta, ambaye hawezi kuacha jambo, amelisoma suala hili kwa bidii ambayo ningeomba aipeleke pia kwenye hesabu. Ameniambia kwamba mwaka 1974 huko Boston, Marekani, watafiti wawili, Ann Burgess na Lynda Holmstrom, waliandika juu ya wanawake waliobakwa: usingizi unaokatika, jinamizi, kushtuka kwa kishindo kidogo, woga wa kubaki peke yao. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani wakaingiza kwenye mwongozo wao ugonjwa unaotokana na kiwewe, baada ya kuwaona pia askari waliorudi Vietnam. Na hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Hesabu hiyo nimeiangalia nikiwa kwenye ndoo yangu, nikaanza kuhesabu waliokaa sebuleni siku ile, kisha nikaacha.

Kwa hiyo nawaambia wanaosema filamu za namna hii zinaenda polepole, kwamba Aisha ingeongezewa ngumi: hapana. Upole wake ndio ukweli wake. Wiki iliyopita tulitazama nyingine, Something Necessary ya Judy Kibinge, Mkenya, ya mwaka 2013. Humo yumo Anne, ambaye vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zimemuulia mume, zimemharibia mwanawe afya na nyumba yake ya shambani imebaki magofu, naye anataka kuijenga upya palepale. Kuna pia Joseph, kijana mmoja wa waliohusika na vurugu hizo, anayezunguka akitafuta namna ya kutubu. Kipyenga aliamua kwamba mama huyo auze shamba ahamie mjini, mchezo uishe. Bibi, aliyekuja na blanketi lake mabegani na kuondoka nalo, akamjibu kwamba shamba ndicho kitu pekee kilichobaki kinachomjua. Walibishana mpaka saa tano, na Mama Redio alikuwepo, na alibishana kuliko wote, kwa sauti yake ileile ya zamani. Shemeji Mbao amekata rufaa kwa simu.

Msomaji, nawe una sebule, na katika sebule hiyo kuna siku mtu atakuambia kitu, au atashindwa kukuambia. Kama ni jambo la jana au juzi, mfikishe hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi baada ya hapo, na asioge wala kufua nguo alizovaa kabla hajapimwa. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na fomu ya PF3 haiuzwi. Kwa mtoto, namba 116 ni bure. Kama ni jambo la miaka mingi iliyopita, usimuulize alikuwa anatoka wapi. Beba blanketi, hata kama ni la harusi, nenda ukakeshe naye.