Yah: Ombi la Tenda ya Kuwalisha Askari Wenu

Mkuu wa Ununuzi,
Wizara ya Ulinzi ya Marekani,
Pentagon.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mshika daftari wa dada yangu, mama lishe anayewapikia mafundi wa ghorofa moja inayoendelea kupanda hapa Dar es Salaam. Kazi yenyewe si kubwa. Kila mchana nasimama kando ya sufuria la wali, napiga mstari mmoja kwa kila sahani inayotoka, na mstari wa tano naulaza juu ya wenzake wanne. Jumamosi nyapara wa mkandarasi huja, hulamba kidole, hufunua kurasa na kuhesabu upya. Wiki iliyopita daftari lilisema sahani 213, yeye akasema mafundi waliofika kazini walikuwa wa sahani 211. Tulibishana mpaka magharibi ikaingia, kisa sahani mbili za maharage. Mwisho dada akazikata kwa kalamu nyekundu, tukalipwa. Usiku ule ndipo nilipopata wazo la kukuandikia.

Maana nimesoma habari za mkandarasi wako wa vita vya Iraq, KBR, enzi hizo ikiwa bado tawi la Halliburton. Julai 2003, katika kambi ya Arifjan, Kuwait, wakaguzi wenu wenyewe walikuta ankara za wastani wa milo 42,042 kwa siku. Waliokula walikuwa 14,053. Nilidhani nimesoma vibaya, nikampa dada asome. Naye alisoma, akanyamaza, kisha akauliza sufuria lao lina ukubwa gani. Kampuni ilijitetea kwamba vitani hujui askari wangapi watatokea mezani, kwa hiyo huna budi kupika ya wote. Hoja hiyo nitampelekea nyapara Jumamosi hii, ingawa najua atakachoniambia. Ninyi mnajadiliana kistaarabu zaidi: mwaka 2005, kati ya takriban dola milioni 200 za chakula zilizokuwa zikibishaniwa, mlizuia milioni 55 na kulipa zilizosalia.

Kwa hiyo tunaomba tenda, na tunaomba iwe ya mtindo uleule: mnarudisha gharama yote tuliyotumia, kisha juu yake mnaongeza asilimia ndogo ya asante. Mtindo huu umemsumbua sana dada kuuelewa. Yeye miaka yote amekuwa akipanda daladala kufuata mkaa wa bei nafuu, na mimi nimekaa naye jioni mbili nikimweleza kwamba mkaa wa bei nafuu ni hasara, kwa sababu asilimia ya kitu kidogo nayo ni ndogo. Nilimpa mifano. Madereva wa zamani wa KBR waliliambia Bunge lenu kwamba malori ya makumi ya maelfu ya dola yaliachwa njiani kwa kukosa tairi la akiba. Mnunuzi wao mmoja akasimulia habari za taulo za mazoezi: za kawaida zilikuwepo, lakini likaja agizo zitariziwe jina la kampuni, bei ikaruka karibu mara tatu. Hapo dada akaelewa. Ameshaulizia sahani zenye jina lake kwa rangi ya dhahabu.

Nakiri kuna sehemu ya maombi iliyotutia hofu, nayo ni ya uzalendo. Sisi ni wageni, hatujui utiifu wa mkandarasi kwa nchi yake wakati wa vita hupimwa kwa kipimo gani. Nikajifunza kwa waliotutangulia. Machi 2007, askari wenu wakiendelea kufa Iraq, Halliburton ilitangaza kwamba mkurugenzi wake mkuu anahamishia ofisi yake Dubai. Mwaka uliofuata gazeti la Boston Globe likafichua kwamba Wamarekani zaidi ya 10,000 waliokuwa wakiifanyia KBR kazi Iraq walikuwa wameajiriwa, kwenye karatasi, na kampuni mbili za visiwa vya Cayman zisizo na ofisi wala namba ya simu huko visiwani. Hivyo makato ya hifadhi ya jamii yakawa hayawahusu, na waliopoteza kazi wakakuta hata posho ya kukosa ajira hawastahili. Lakini wafanyakazi walipoipeleka kampuni mahakamani, na kinga ya mwajiri ikawa inahitajika, watu walewale wakawa wa KBR halali. Mtoto siku ya ada ni wa jirani, siku ya mahari ni wetu. Dada hana ndugu Cayman. Tuna shangazi Pemba, kama kisiwa chochote kinafaa.

Wala siwalaumu kwa kutojua mnafanya biashara na nani, maana mlijua zamani. Mwaka 1966, Brown & Root, mzazi wa KBR ya leo, ilikuwa ikijenga Vietnam pamoja na wenzake. Mbunge kijana wa Illinois akasimama kuhoji mikataba ile na ukaribu wa wakandarasi na Rais Johnson. Kijana huyo aliitwa Donald Rumsfeld. Ilipofika 2003, mikataba ya Iraq ikitoka bila ushindani, Waziri wa Ulinzi alikuwa Donald Rumsfeld, na Makamu wa Rais alikuwa Dick Cheney, aliyeiongoza Halliburton kuanzia 1995 hadi 2000 na ambaye bado alikuwa akipokea kutoka kwao mshahara uliocheleweshwa. Kwetu tungesema wamekuwa wakwe.

Lakini mtu aliyeninyima usingizi katika habari yote hii si Cheney. Ni mama mmoja aliyekuwa na kazi kama yangu. Bunnatine Greenhouse, mtoto wa Louisiana, alikuwa ofisa mkuu wa mikataba katika Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi lenu. Mapema 2003 alipelekewa mkataba wa kukarabati visima vya mafuta vya Iraq, wenye kikomo cha dola bilioni 7, wa KBR peke yake, wa hadi miaka mitano. Akauliza kwa nini mitano, dharura si mwaka mmoja ingetosha? Vita vilikuwa mlangoni, wakubwa wakataka saini. Akatia saini, na hapohapo akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ukizidi mwaka mmoja watu wanaweza kuona hakuna nia ya dhati ya ushindani. Hayo ndiyo ninayoyaita daftari. Desemba mwaka ule wakaguzi wakasema Halliburton imezidisha dola milioni 61 kwenye petroli iliyoletwa kutoka Kuwait. Siku chache baadaye kibali cha kuisamehe kampuni isitoe hesabu za bei ya petroli hiyo kikatolewa bila yeye kuarifiwa.

Juni 2005 aliwaambia maseneta hadharani kwamba katika kazi yake yote hajaona matumizi mabaya ya mkataba kama yale. Agosti akashushwa cheo. Sababu iliyotajwa ilikuwa utendaji duni. Februari 2006 ikajulikana kwamba, kati ya dola milioni 263 walizotilia shaka wakaguzi kwenye mkataba uleule wa mafuta, Jeshi limeamua kulipa zote isipokuwa milioni 10 hivi. Mama alidai haki yake mpaka 2011, akalipwa dola 970,000, akastaafu.

Nimelisoma hilo la utendaji duni mara nyingi. Wakubwa walitaka saini, naye akatoa saini na maneno.

Mengine nayataja kwa ufupi, kwa kuwa ombi hili halipaswi kuzidi kurasa mbili. Januari 2008 komando wenu wa miaka 24 alifungulia maji bafuni katika kambi ya Baghdad, umeme ukamuua. Nyaya na pampu za majengo yale zilikuwa chini ya mkataba wa matengenezo wa KBR. Kampuni ilikana kuhusika. Katika miaka hiyohiyo ililipwa bonasi ya zaidi ya dola milioni 80 kwa kazi iliyohusisha umeme Iraq. Sisi tuna methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mgema wenu, tembo lilikuwa na maji tayari wakati sifa zinatolewa.

Na kwa kuwa tunaomba kutokea Afrika Mashariki, naomba usituweke kwenye faili la Waganda. Kuanzia 2005 maelfu ya vijana wa Uganda, wengi waliopitia jeshini na kujifunzia Kiswahili humohumo, walilinda mageti ya kambi zenu Iraq kwa niaba ya makampuni mengine ya ulinzi. Mshahara ulianzia dola 1,000 hivi kwa mwezi, na kadiri walivyoongezeka wenye kuutaka ulizidi kushuka. Sheria yenu ya mwaka 1941 inamtaka mkandarasi amkatie bima kila mfanyakazi wa aina hiyo, hata mgeni. Waliorudi wamejeruhiwa wamehangaika miaka kuipata. Kwao ilibainika kwamba asilimia ya asante haishuki mpaka getini.

Tume yenu ya Mikataba ya Vita ilikadiria Agosti 2011 kwamba huko Iraq na Afghanistan zilipotea kati ya dola bilioni 31 na 60 kwa ubadhirifu na udanganyifu. Kisha kumbukumbu zake za ndani zikawekwa kwenye Hifadhi ya Taifa, zisifunguliwe mpaka 2031. Hilo tumelipenda kuliko yote. Daftari letu la mwaka huu tayari limefungwa kwa mfuko wa nailoni na kuwekwa juu ya kabati, na nyapara ameambiwa arudi 2031.

Kuhusu mimi, dada amekwishaamua. Tenda ikitoka, kalamu anapewa mwingine. Mimi nitaosha vyombo.

Wako mtiifu,
Mshika daftari.

Viambatisho: sahani moja, imeandikwa jina, kadirio la milo, 42,042.