Barua ya wazi kwa Mamlaka Husika

Mkazi wa Mshangano,
Manispaa ya Songea,
Ruvuma.

Kwa Mamlaka Husika,
Popote ilipo.

YAH: MAOMBI YA MWANAMFALME MMOJA KWA AJILI YA MILIMA YA MATOGORO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa kuhamasisha utalii wa ndani. Wito umetufikia hata sisi wa Mshangano na tumeuitikia. Vijana wa mtaa tumeazimia kupanda mlima. Kilimanjaro na mita zake 5,895 tumewaachia wenye mapafu. Sisi tunataka matembezi mafupi tu, ya kutoa jasho kidogo na kupiga picha.

Tumechagua Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, maana ina njia za kila aina ya magoti. Ipo ya kwenda maporomoko ya Sanje, yanayoanguka mita 170, mwendo wa saa 4 hivi. Ipo fupi zaidi, ya kwenda maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo haimalizi hata saa 1. Kwa kuanzia, hiyo ndiyo saizi yetu.

Mpango ni huu. Alfajiri tunapanda basi la Dar es Salaam. Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa; Kitonga tunateremka tumeshikilia viti. Mikumi tunashuka, tunavizia gari la Ifakara, tunapita Kidatu hadi Mang'ula, kwenye lango la hifadhi. Giza likishaingia, tunalala gesti. Asubuhi tunalipia kwa namba ya malipo, tunapewa mwongozaji, tunatembea kwa muda usiofika saa 1, halafu tunageuza kurudi Songea. Mhazini wetu, ambaye ni fundi cherehani, alipiga hesabu, akainua uso kwenye daftari. Kiingilio cha Mtanzania, alisema, hakina neno. Ila ukijumlisha nauli, gesti na chakula, kila hatua ya mlimani itatutoka kwa bei ya kuku.

Ndipo mmoja wetu akauliza kwa nini tusipande Matogoro. Tulimcheka. Matogoro si iko hapahapa Songea? Bodaboda inakufikisha chini yake. Huko ndiko unakochimbuka Mto Ruvuma, unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi, na ndiko unakoanzia Luhira, ambao mji wetu unaunywa. Mlima wa karibu kiasi hicho utakuwaje utalii? Mtalii sharti kwanza avimbe miguu ndani ya basi.

Hata hivyo nimechunguza kasoro ya Matogoro na nimeipata. Mwaka 1992, Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi alikuja kuizindua Hifadhi ya Udzungwa, na leo maporomoko yana jina lake. Kwa msingi huo, tunaomba yafuatayo:

1. Mwanamfalme mmoja, hata wa mtumba, mradi awe anaweza kukata utepe.

2. Akikosekana, atumike wa kwetu: Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Mji mzima unaitwa kwa jina lake; njia ya mguu haitamshinda.

3. Kibao cha kueleza njia inaanzia wapi, inachukua muda gani na kibali anatoa nani. Hapo kwenye kibali nakuomba sana: msitu una wenyewe, maji yana wenyewe, utalii una wenyewe. Mwananchi asije akapanda ngazi nyingi za ofisi kuliko mlima wenyewe.

4. Vijana wachache wa hapa wafundishwe kuongoza wageni, na kumzuia atakayetaka kufulia soksi kwenye chemchemi.

5. Choo, mbali na vyanzo vya maji.

Hatuombi lami, hoteli, wala kongamano la wadau lenye posho. Tunachojua ni kwamba mtu aliyepanda kwa miguu yake hadi yanapobubujika maji anayokunywa, siku akiona moshi huko juu hatauliza unamhusu nani. Mabango ya "Tunza Mazingira" tumeyasoma tangu shule ya msingi, na moto haujui kusoma.

Mvua zetu huanza Novemba, na zikianza njia zitateleza. Tutashukuru tukijibiwa kabla ya hapo. Ikishindikana, tafadhali tutumie nauli ya Mang'ula, kwenda na kurudi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtalii wa Ndani (mtarajiwa).

Nakala: Mwanamfalme yeyote aliye karibu.