Jinsi ya Kuficha Waya wa Taa za Stesheni Mpaka Mgeni Aulize Betri Iko Wapi

Bariadi haina reli. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ilipitia Malampaka, kule Maswa, ikaendelea na safari zake bila kutuaga. Na SGR ya Isaka hadi Mwanza imechorwa kupita hukohuko. Kwa hiyo mkazi wa Bariadi anayetaka treni ipite mjini kwake ana njia moja ya uhakika: aijenge mezani. Sijasikia chama cha wajenzi wa reli za mezani mkoani Simiyu. Ukianza leo, uenyekiti ni wako bila kampeni.

Tuseme reli imeshalala, stesheni ya Malampaka imesimama, na mama watoto ameshanuna kwa ajili ya meza yake. Sasa unataka taa. Hapa ndipo wengi huharibu.

Kipimo cha reli za mezani kinachopendwa zaidi duniani ni 1 kwa 87. Reli yetu ya zamani yenye upana wa mita moja inakuwa kama milimita 12, na nguzo ya taa ya mita 8 inabaki na sentimita 9. Chukua basi ule waya wa spika uliobaki kabatini, wenye unene wa milimita 2, uupandishe kwenye nguzo hiyo. Kwa macho ya abiria wako wa plastiki hilo ni bomba la sentimita 17. Watasubiri maji, si treni.

Nenda kwa fundi wa kusuka mota, umwombe mabaki ya waya wa shaba, ule mwembamba kuliko yote. Usimweleze ni wa nini. Ukitamka neno stesheni atajua umepata tenda, na bei itapanda papo hapo. Waya huo umepakwa vanishi inayozuia umeme, hivyo kwangua ncha kwa msasa kabla ya kuunganisha. Usipokwangua, taa haitawaka, nawe utaanza kusingizia mgao. Kama adapta yako ni ya volti 12, kumbuka kwamba taa ndogo nyeupe ya LED hutaka kama volti 3 tu, kwa hiyo weka resista ya omu 1,000 katikati. Bila resista itawaka vizuri sana, mara moja.

Rangi sasa. Kunja waya kwanza, ulaze nyuma ya nguzo, ugundishe, ndipo upake. Anayepaka kwanza akakunja baadaye atashangaa rangi ikipasuka kwenye kona na shaba ikimchekea. Na achana na rangi ya mafuta iliyobaki getini; inang'aa, na kitu kinachong'aa hakijifichi. Tumia rangi ya maji isiyong'aa, kijivu cha nguzo yenyewe, tabaka jembamba mara mbili. Ikikauka, saga chaki ya Maswa, ipake kidogo kwa brashi kavu. Nguzo na waya vitapata vumbi moja, na jicho halitatofautisha. Chaki zetu zinafundisha hesabu nchini. Kuficha waya haziwezi kushindwa.

Usisahau ndani ya jengo. Kuta za plastiki hupitisha mwanga, na stesheni isiyopakwa ndani huwaka nzima kama tochi iliyomezwa. Paka nyeusi ndani, kisha nyeupe juu yake, mwanga utoke madirishani tu.

Waya ukifika chini ya nguzo, toboa meza uuteremshe. Usiufunike kwa pamba. Najua tuko Simiyu na pamba ipo, lakini pamba hushika moto upesi. Wazungu huitandaza mezani wakaiita theluji; Malampaka, theluji utamweleza nani?

Chini ya meza weka alama: nyekundu chanya, nyeusi hasi, na kila nguzo jina lake. Hakuna atakayekusifu kwa hilo. Ila taa ya katikati ikizimika usiku, hutalazimika kubomoa mlima mzima kuutafuta waya mmoja.

Wakati wote huo, juu ya kichwa chako, waya wa taa ya sebuleni umeshuka kutoka darini, umezungushiwa tepu mara tatu, ukapita mbele ya picha ya harusi hadi kwenye swichi inayoning'inia. Huo usiuguse. Huo ni wa ukubwa halisi, na fundi alisema atarudi.

Kazi ikikamilika, ipeleke Nane Nane pale Nyakabindi. Watu watainama, watachungulia, watauliza betri iko wapi na treni inauzwaje. Na ukiona moshi ukipanda kwenye paa la stesheni huku watazamaji wakipiga makofi, usiiname kupokea sifa. Chomoa adapta.