Asante kwa Dola 19

Kwa Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Afya Duniani, Geneva

Mheshimiwa,

Sisi ni wa Uvira, mashariki mwa Congo. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilitukaribia mpaka Mwenga, sisi tukaponea kwenye ndoo za kunawia mikono Kavimvira. Ila ya Beni na Butembo tuliyasikia, na kunyamaza bila kushukuru si adabu.

Tume uliyoiunda mwenyewe ilitoa ripoti Septemba 2021: watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, na 21 kati yao wa shirika lenu. Wanawake walieleza utaratibu wa ajira: ukitaka kazi, lala na mkubwa, ukiipata, lala tena isikuponyoke. Baadaye, shirika la habari la AP liliandika, wanawake 104 walipewa dola 250 kila mmoja, tena baada ya kusomeshwa namna ya kujitafutia riziki. Afisa wenu wa kuzuia unyanyasaji alipokuja Congo kwa siku tatu Machi 2023, posho yake ilikuwa dola 231 kwa siku. Mama aliyeumizwa akamzidi kwa dola 19. Nani atasema hamkumthamini?

Tunavutiwa pia na kanuni zenu. Wakubwa wenu waliofikishiwa kesi ya binti mmoja walisafishwa na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, kwa kuwa kanuni zilimlinda mnufaika wa msaada, na yeye msaada hakuwahi kupokea. Uzembe wake huo! Angechukua hata kipande cha sabuni kwanza.

Sasa tuje kwetu. Kipindupindu kikipanda hapa, hutafutwa vibarua wa kutia klorini kwenye bidoni za wanaoteka maji ziwani. Mara nyingi daftari liko kwa mtu mmoja. Ndiye anayeandika majina, ndiye anayelipa, ndiye anayefuta, na ukiwa na lalamiko, ndiye utakayempelekea. Saa tatu usiku simu ya binti inalia: "Jina lako bado linaning'inia, njoo tuongee." Tume yenu ilikuta jambo lile lile kule: watu wa huko waliajiriwa bila ushindani.

Kwa hiyo msitutumie bango jingine la kumwambia binti aseme hapana. Hapana anaijua, asichokijua ni atakula wapi akishaisema. Orodha ya walioajiriwa ibandikwe ukutani mchana. Wanaochagua wawe watu watatu, mmoja awe mama wa mtaa, na anayelipa asiwe yule aliyeandika. Lalamiko lipokewe na mtu asiye chini ya mwenye daftari. Sheria ya Congo ya Julai 2006 inampa msumbufu wa kingono kifungo cha mwaka 1 hadi 12. Huenda nakala ya Geneva ilichelewa njiani.

Ubao wa kubandikia tutachonga wenyewe, mbao zipo Kalundu. Ninyi mwambieni tu mwenye daftari alikabidhi.

Wako katika kusubiri orodha,
Mkazi wa Uvira